Umehifadhi makala, bando limekata, haifunguki: tafuta kosa hapa

Mwongozo huu ni wa anayepakua penye mtandao akasome pasipo nao: mwanafunzi wa MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya) anayekwenda likizo Makete, afisa ugani anayetoka Uyole kwenda vijiji vya Rungwe, mwalimu wa Mafinga anayevizia waifai ya shule jioni. Milima ya huku inafaa viazi na parachichi, lakini hukinga mawimbi ya simu. Ukiteremka bonde moja, mnara uliokuwa ukiuona unabaki nyuma ya mlima, na hapo ndipo unapogundua kwamba ulichohifadhi jana hakikuhifadhiwa.

Kabla ya kutafuta dalili yako, fanya jaribio la hali ya ndege. Washa hali ya ndege, hakikisha waifai nayo imezimika, kisha funga kivinjari kabisa, ukitoe hata kwenye orodha ya programu zilizo wazi. Sasa kifungue upya na utafute makala yako. Hatua ya kufunga kivinjari ndiyo inayorukwa na wengi. Ukurasa ulioufungua muda mfupi uliopita unaweza kuonekana mzima kwa sababu bado umo kwenye kumbukumbu ya simu, ukadhani umeuhifadhi, kumbe ukizima simu na kuiwasha unayeyuka. Jaribio linachukua dakika moja. Lifanye ukiwa bado una mtandao, si ukiwa stendi ya Nanenane basi limeshawasha injini.

Dalili: ukifungua bila mtandao, anakuja yule dinosaria wa Chrome

Ulihifadhi anwani, hukuhifadhi makala. Hili ndilo kosa la kwanza kwa wingi, na linatokana na alama ya nyota. Nyota ni alamisho tu: hukumbuka makala iko wapi, lakini maandishi yenyewe yanabaki kwenye seva ya tovuti. Ni kama kuandika jina la duka kwenye karatasi ukadhani umenunua unga. Orodha ya kusoma ya Chrome kwenye kompyuta nayo usiitegemee kwa kazi hii, maana inaweka kiungo tu.

Kwenye Chrome ya Android, fungua makala, ngoja mstari wa upakiaji ulio juu umalizike, gusa vidoti vitatu juu kulia, kisha gusa mshale unaoelekea chini uliopo kwenye safu ya alama ndogo za juu. Nakala utaikuta kwenye vipakuliwa, ndani ya menyu hiyohiyo ya vidoti vitatu.

Kwenye kompyuta, bonyeza Ctrl+S (kwa Mac ni Command+S). Usikimbilie kubonyeza kitufe cha kuhifadhi. Chini ya jina la faili kuna sehemu ya kuchagua aina, na Chrome na Edge zinakupa chaguo tatu: HTML peke yake (maandishi ya ukurasa bila picha), ukurasa kamili, au ukurasa katika faili moja. Chukua faili moja. Sababu utaiona kwenye dalili ya picha.

Kwenye iPhone, orodha ya kusoma ya Safari inaweza kushika makala yenyewe, ila mpaka uiruhusu. Nenda kwenye mipangilio ya Safari, shuka hadi sehemu ya orodha ya kusoma, washa swichi ya kuhifadhi nje ya mtandao kiotomatiki. Kwenye matoleo mapya ya iOS mipangilio ya Safari imehamishiwa ndani ya kundi la programu, kwa hiyo usishangae usipoiona mahali pa zamani.

Kama mshale wa kupakua hauonekani kabisa, angalia uko wapi. Kiungo ulichogusa ndani ya Facebook au Instagram hufunguka kwenye kivinjari kidogo cha humohumo, ambacho hakina kitufe cha kuhifadhi. Gusa vidoti vyake, chagua kufungua kwenye kivinjari, kisha hifadhi ukiwa huko.

Dalili: maandishi yapo, picha hazipo

Zipo sababu tatu. Zipime kwa mpangilio huu.

Ya kwanza ni haraka. Tovuti nyingi za sasa hazileti picha mpaka msomaji ashuke hadi zilipo, ili kuokoa data. Ukihifadhi ukiwa bado kwenye kichwa cha habari, picha za chini hazijafika kwenye simu yako, na kisichofika hakihifadhiki. Unabaki na miraba ya kijivu. Shuka polepole mpaka mwisho wa makala, ukisimama sekunde moja mbili kwenye kila picha, kisha ndipo uhifadhi. Kuvuta kidole mara moja mpaka chini hakutoshi, hasa kama mtandao ni wa kusuasua.

Ya pili ni folda iliyoachwa nyuma. Ukichagua ukurasa kamili kwenye kompyuta, unapata vitu viwili: faili ya HTML, na folda yenye jina lilelile linaloishia na _files. Picha zote zimo kwenye folda. Mtu ananakili faili peke yake kwenye flashi, anafika steshenari Mwanjelwa, anakuta maandishi matupu. Nakili vyote viwili na viweke mahali pamoja. Usibadilishe jina la folda pia, kwa sababu faili inaitafuta kwa jina. Na ukiwa kwenye Windows kuna mtego wa ziada: mfumo huchukulia viwili hivyo kuwa mtu na kivuli chake, kwa hiyo ukifuta folda ukidhani ni takataka, faili nayo inaweza kwenda.

Ya tatu ni kwamba picha zilizimwa kwenye mipangilio. Opera Mini ina swichi ya hivyo sehemu ya kuokoa data, na wengi waliizima zamani wakasahau.

Dalili: makala imekatika katikati

Tazama mahali ilipokatikia. Kama kuna kitufe cha «Endelea kusoma» ambacho hakiitiki, ulihifadhi kabla ya kukibonyeza. Nakala ya faili moja, yaani MHTML, ambayo ndiyo Chrome ya Android hutengeneza, huzimwa programu zote za ndani ya ukurasa inapofunguliwa. Vitufe vinabaki picha tu. Rudi kwenye makala halisi, bonyeza kitufe, ngoja sehemu iliyofichwa ifunguke, hifadhi upya. Sababu hiyohiyo ndiyo inayofanya kisanduku cha kuki kilichofunika ukurasa kikatae kufungika ndani ya nakala: kifunge kabla, kwa maana baadaye hakifungiki. Makala iliyogawanywa kurasa 1, 2, 3 nayo inataka kuhifadhiwa mara tatu.

Kama imekatika bila kitufe chochote, na ulitumia mwonekano wa kusomea (ule unaoondoa matangazo na kubakiza maandishi), shuku mwonekano huo. Unafanya kazi kwa kukisia: unapima ni sehemu ipi ya ukurasa ina aya ndefu mfululizo, unaibakiza, mengine unayatupa. Kwa habari ya kawaida ya gazeti hukisia vizuri. Kwa makala za kitaalamu ni jambo la kuangalia kwa macho mawili, kwa sababu kinachotupwa mara nyingi ni jedwali, maelezo ya chini ya picha, au kisanduku cha pembeni. Sasa fikiria makala ya mbolea ya viazi mviringo. Aya zinaeleza kwa nini upandie DAP na ukuzie CAN, jedwali ndilo lenye kilo kwa ekari. Ukienda shambani Isangati na nakala isiyo na jedwali umebeba hotuba. Kwa makala yoyote yenye vipimo, hifadhi ukurasa wenyewe, usihifadhi mwonekano wa kusomea, kisha hesabu majedwali kabla ya kufunga.

Dalili: ng'ombe amegeuka «ngâ€™ombe»

Hii inawapata sana wasomaji wa Kiswahili, kwa sababu ya ng' yetu. Nyang'oro, ng'ambo, ng'ang'ania: kila penye kikato panatokea herufi tatu za ajabu.

Faili haijaharibika. Kompyuta huhifadhi herufi kama namba, na ukurasa unatakiwa kueleza namba hizo zisomwe kwa utaratibu upi. Siku hizi utaratibu ni UTF-8 karibu kila mahali. Tovuti nyingine hazilitaji hilo ndani ya ukurasa. Seva ndiyo inayolisema wakati wa kutuma. Ukihifadhi HTML peke yake, maneno ya seva hayaji nayo. Kivinjari kinapofungua faili kutoka kwenye diski kinabaki kukisia, na kikikisia utaratibu wa zamani wa Windows, kikato kile kilichopinda, ambacho kwenye UTF-8 kinachukua baiti tatu, kinasomwa kama herufi tatu. Kikato kilichonyooka kinachukua baiti moja tu, ndiyo maana makala moja inaweza kuwa na ng'ombe mzima aya ya kwanza na mgonjwa aya ya pili.

Dawa ya haraka ni kuifungua kwa Firefox ya kompyuta: bonyeza Alt menyu ionekane, ingia menyu ya mwonekano, chagua kurekebisha usimbaji wa maandishi. Chrome iliondoa uwezo huo, usiutafute. Dawa ya kudumu ni kuifungua faili kwa kihariri cha maandishi kama Notepad, kutafuta neno <head> karibu na mwanzo, na kuandika mara baada yake:

<meta charset="utf-8">

Hifadhi, fungua tena, ng'ombe amepona.

Dalili: umemtumia mwenzako, kwake haifunguki au inajaa alama za =3D na =20

Alama hizo ni utambulisho wa MHTML iliyofunguliwa kama maandishi ya kawaida. Ndani ya faili hiyo maandishi na picha vimefungwa pamoja kwa njia ya barua pepe, na alama ya sawasawa yenye herufi mbili ni sehemu ya ufungaji. Kubadilisha jina kutoka .mhtml kuwa .html hakufungui kifurushi, kunazidisha tatizo.

Chrome na Edge zinasoma MHTML. Firefox haisomi, Safari ya iPhone haisomi. Kurasa zilizohifadhiwa ndani ya Opera Mini ni kesi nyingine kabisa: mara nyingi zina muundo wa Opera wenyewe, na nje ya Opera Mini huenda zisifunguke. Kwa hiyo kabla ya kutuma kwenye grupu la darasa, uliza wenzako wana simu gani, au tuma PDF ambayo karibu kila simu inaifungua. Kwenye Chrome ya Android, PDF inapatikana kwa kugusa vidoti vitatu, kushiriki, kuchapisha, kisha kuchagua kuhifadhi kama PDF badala ya printa. Kwenye WhatsApp itume kama hati.

Kwa anayehifadhi mengi kwenye kompyuta tunapendekeza kiendelezi (programu ndogo inayoongezwa kwenye kivinjari) cha SingleFile, ambacho ni bure. Hukusanya maandishi, picha na mitindo ndani ya faili moja ya .html ya kawaida, inayosomwa na Chrome, Firefox, Edge, hata Safari. Kinataja UTF-8 chenyewe, na kina mpangilio wa kuvuta picha ambazo hazijapakiwa. Gharama yake ni ukubwa: picha zinapogeuzwa maandishi ili zikae ndani ya HTML huongezeka kwa takriban theluthi moja. Picha za MB 3 zitatoa faili ya kama MB 4. Kwenye Android kiendelezi hiki kinawekwa kwenye Firefox; Chrome ya simu haipokei viendelezi, kwa hiyo usipoteze jioni kutafuta.

Dalili: badala ya makala, nakala inaonyesha ukurasa wa kuingia

Hapa jiulize nani aliyeichukua makala. Huduma za soma-baadaye kama Instapaper na wallabag kwa kawaida hupokea kiungo chako, kisha seva yake ndiyo inayokwenda kwenye tovuti kuchukua maandishi. Seva hiyo haina nenosiri lako. Wewe umeingia kwa akaunti ya maktaba ya chuo na unaisoma makala nzima, seva inabisha hodi kama mgeni na kupewa mlango. Zana inayonakili kile kilicho kwenye skrini yako, kama SingleFile au Ctrl+S, haina shida hiyo. Makala ya kulipia au ya maktaba ihifadhi kwa njia hizo, kwa matumizi yako. Kuisambaza kwa watu mia mbili ni suala la hakimiliki, si la kivinjari.

Dalili: zilikuwepo, zimetoweka

Kama zilikuwa kwenye Pocket, huduma nyingine ya soma-baadaye, acha kutafuta. Mozilla iliifunga huduma hiyo tarehe 8 Julai 2025, baada ya kuimiliki tangu 2017. Omnivore, ya aina hiyohiyo, ilikuwa imefungwa miezi michache kabla, Novemba 2024. Aliyetoa faili ya orodha yake mapema amebaki na viungo vyake. Ambaye hakutoa hana cha kudai. Ndiyo maana makala ya maana iwe pia na nakala kwenye diski yako, hata kama huduma ni nzuri.

Kama zilikuwa kwenye simu, kumbuka wiki iliyopita ulifanya nini. Kusanidua Opera Mini, au kugusa «futa data» kwenye mipangilio ya programu ili kupata nafasi, kunaweza kuondoka na kurasa zake zote. Kufuta akiba ndogo (cache) peke yake kwa kawaida hakugusi nakala. Vitufe hivi viwili vimekaa jirani na vidole vinateleza. Zile programu za «kusafisha simu» nazo zinaweza kuona faili za .mhtml kwenye folda ya vipakuliwa kama uchafu. Hamishia makala zako kwenye folda yenye jina lako, au kwenye memori kadi.

Dalili: inagoma kuhifadhi

Angalia nafasi kwanza. Kisha angalia jina la faili: kivinjari hutumia kichwa cha habari kama jina, na vichwa vya magazeti ni virefu. Windows kwa kawaida hukataa njia nzima ya faili, kuanzia herufi ya diski hadi mwisho wa jina, ikivuka herufi 260. Ukiwa na folda ndani ya folda ndani ya folda, unafika huko bila kujua. Fupisha: «2025-03 bakajani viazi» inatosha, na baada ya miezi sita utaipata kirahisi kuliko «Wakulima Nyanda za Juu Kusini waaswa…». Alama ya kuuliza, nukta pacha na nyota ziondoe kwenye jina, hasa kama faili inakwenda kwenye flashi.

Kama tovuti zenyewe hazifunguki na kila moja inatoa onyo la usalama, tazama tarehe ya kompyuta. Vyeti vya usalama vya tovuti vina siku ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayoamini kwamba ni 2012 inaona vyeti vyote ni batili. Kompyuta za zamani za maabara za shule hupata hali hii kila umeme ukikatika, kwa sababu betri ndogo ya kwenye ubao mama imekufa. Kwa nyingi ni CR2032, ile ya duara kama sarafu. Zima, chomoa waya wa umeme, badilisha, weka tarehe upya.

Dalili: kuhifadhi kunamaliza bando

Si kuhifadhi, ni kufungua. Maneno 2000 ya Kiswahili yana uzito wa KB 14 hivi. Picha, matangazo na video inayojicheza yenyewe ndivyo vinavyofikisha ukurasa kwenye MB kadhaa. Ukishaufungua, kuuhifadhi hakuongezi data nyingi kwa sababu vitu vyote vimeshafika. Kwa hiyo makosa ni kuufungua mara ya pili ili «uhifadhi vizuri». Kwa programu za soma-baadaye, tafuta kwenye mipangilio yake swichi ya kusawazisha kwa waifai tu, vinginevyo itashusha orodha nzima kwa bando lako la siku. Video kwa kawaida haihifadhiki kwa njia zilizotajwa hapa.

Dalili: PDF ina kurasa 23, makala ni ya kurasa nne

Umechapisha maoni ya wasomaji, habari zinazofanana na kila tangazo la chini. Kwenye Firefox au Edge ya Windows bonyeza F9 upate mwonekano wa kusomea, hakikisha majedwali hayajapotea, kisha Ctrl+P ukiwa humo humo. Ile hali ya kusoma ya Chrome inayofunguka pembeni haichapishwi. Chrome itatoa ukurasa mzima kama ulivyo. Kama jedwali limepotea, rudi kwenye ukurasa wa kawaida na kwenye dirisha la kuchapisha andika kurasa unazotaka tu, mfano 1-4. Karatasi iwe A4, maana kompyuta nyingi zinakuja zimewekwa kipimo cha Marekani, na steshenari ikichapisha hivyo pembeni panakatwa au maandishi yanapungua. Zima pia michoro ya mandharinyuma, la sivyo utalipia wino wa rangi kwa ajili ya kichwa cha tovuti.